Sungura wangu amewaua watoto wake usiku wa kwanza. Kwa nini?

Kijana wa Majengo

Assalam aleikum wenzangu. Nina sungura jike mweupe, wa aina ya New Zealand White, na huu ndio uzazi wake wa kwanza. Namfuga ghorofa ya pili, kwenye baraza ya nyuma hapa Majengo, Mombasa. Tundu ni la mbao, chini waya, juu bati. Sanduku la kuzalia nimemwekea.

Amezaa Jumamosi usiku. Asubuhi nilipompelekea majani nikakuta vitoto vitatu juu ya waya vimekufa. Kimoja hakina masikio wala mguu wa nyuma, kingine kimeliwa nusu, cha tatu ni kizima lakini kimepoa. Ndani ya sanduku viwili vimekufa, na kimoja kilikuwa kikipumua kwa shida, nacho hakikufika adhuhuri. Manyoya alikuwa amenyonyoa machache mno. Cha ajabu, mchana wake, watoto wote wameshakufa, ndipo akaanza kujinyonyoa tumbo na kujaza sanduku.

Usiku huo majirani walikuwa na arusi, spika zimewekwa barabarani chini yetu mpaka saa nane. Maji alikuwa nayo jioni, asubuhi bakuli lilikuwa kavu.

Nyumbani kila mtu ana lake. Bibi anasema ameonja damu, hataacha, achinjwe. Jirani anasema mtu amewashika watoto na mama akasikia harufu ya mkono, na mimi naapa hakuna aliyewagusa. Wadogo zangu wamelia hadi wakakataa chai. Mimi mwenyewe roho inaniuma. Mnyama gani huyu anayeua watoto wake? Na nimfanye nini sasa?

Muuza kuku, Kongowea

Mchinje ndugu yangu. Nilikuwa naye kama huyo, nikampeleka sokoni. Mnyama akizoea kula mwanawe haachi. Nunua mwingine aliyekwisha zaa, utapumzika.

Mama wa Mtopanga

Wa aleikum salaam mwanangu. Pole sana, na hao wadogo zako wape pole. Nafuga sungura hapa Mtopanga tangu wanangu wako shule ya msingi, na sasa wanaoa. Nakuomba usimchinje. Na wewe ndugu yangu wa Kongowea, kwa heshima zote, ushauri huo umewamaliza majike wengi wazuri katika mji huu.

Tazama ulivyoeleza mwenyewe. Kile kitoto kilichokatika masikio na mguu ndicho kinachosema zaidi. Sungura anapozaa, kila kitoto kinapotoka hukata kitovu kwa meno na kula kondo la nyuma, na huifanya kazi hiyo haraka haraka, maana uzazi mzima mara nyingi hauzidi nusu saa. Meno yake ni makali, ngozi ya kitoto ni laini na haina hata unywele, na yote hayo yanafanyika gizani. Akigutuka katikati ya kazi hiyo huendelea kutafuna pale pale alipofika: sikio, mkia, mguu. Jike wa uzazi wa kwanza ndiye hupatikana na haya zaidi, kwa kuwa hajawahi kuifanya kazi hiyo hata mara moja.

Huyo aliyeliwa nusu naye, mimi sisemi aliuawa na mamake. Kitoto kilichozaliwa maiti, au kilichokufa kwa kupoa, jike hukila kama anavyokula kondo, akasafisha kiota ili harufu ya damu isimletee adui. Huenda kilikufa kwanza juu ya waya, kisha ndiyo akakila. Watu wakiona damu mdomoni wanahukumu, hawaulizi lipi lilitangulia.

Mbona hakuwaokota basi waliokuwa kwenye waya? Kwa sababu sungura habebi mtoto. Paka humkamata mwanawe shingoni akamrudisha, sungura hajui hilo. Asili ya huyu tunayemfuga ni Uhispania na Ureno, na huko porini jike huchimba shimo la kuzalia peke yake, akazaa humo, akatoka na kuziba mlango kwa udongo. Mle shimoni mtoto hana pa kuangukia. Katika tundu letu la waya, kitoto kikizaliwa nje ya sanduku, au kikiburutwa nje kiking'ang'ania chuchu, kimekwisha, ila mkono wa mtu ukirudishe.

Kuhusu huo mkono, jirani amekosea. Kumshika mtoto wa sungura wa nyumbani hakumfanyi mama amuue. Mimi hukagua kila kiota asubuhi ya kwanza. Namtoa mama, nampa matembele akae ayatafune, nasugua viganja vyangu kwa maranda ya tundu lake, kisha nafunua yale manyoya pole pole. Wanalala wamerundikana, wekundu, macho yamefumba. Hayafunguki mpaka siku ya kumi hivi. Aliyenyonya tumbo lake ni duara, na ngozi ni nyembamba hata unayaona maziwa meupe ndani. Asiyenyonya ngozi yake imekunjana na tumbo limebonyea. Nikiona maiti naitoa papo hapo, na nikiona wawili watatu wamebonyea nawahamishia kwa jike mwingine aliyezaa siku hizo hizo, naye huwapokea. Hii ndiyo sababu napandisha majike wawili pamoja, simpandishi mmoja peke yake.

Halafu usishangae ukiona mama hakai na watoto. Hunyonyesha mara moja kwa siku, dakika tatu mpaka tano, mara nyingi usiku au alfajiri, basi. Kukaa mbali nao ndiyo ulinzi wake, asije akawaonyesha adui mahali walipo. Wako watu wameyachukua matoto mazima ya sungura wakayanywesha maziwa ya ng'ombe yakafa, ati mama kayakataa.

Sasa nikuambie linaloniuma zaidi mimi kama mtu wa pwani, maana la arusi kila mtu ameshalisikia. Ni maji. Jike anayezaa hupoteza maji mengi, na anayenyonyesha hunywa lita nzima kwa siku, hata zaidi joto likipanda. Akizaa na kiu, hapo ndipo kutafuna kondo kunapovuka mpaka kukawa kutafuna mtoto. Tunajua hali ya mji wetu: bomba likikauka tunangoja mkokoteni wa maji, na visima vingi vya Kisauni na mjini ni vya chumvi. Maji ya kisima yaonje kwanza. Yakikushinda wewe, naye atakunywa kidogo tu, na mwenye kubeba mimba hapaswi kunywa kidogo. Chombo kiwe kizito kisichopinduka. Mimi natumia vyungu vya udongo vya mdomo mpana, viwili kwa jike mmoja wiki ya kuzaa, kwa kuwa cha udongo hutunza ubaridi na akikipindua kimoja kingine kipo.

Joto nalo. Sungura hatoki jasho, hujipoza kwa masikio na kwa pumzi. Hustarehe kwenye nyuzi 15 mpaka 25, na kaskazi hii mchana wa Mombasa unapita 30. Chini ya bati lako ni zaidi ya hapo. Jike aliyezidiwa na joto hana nguvu ya kujenga kiota, hali vizuri, na humaliza uzazi amechoka kabisa. Juu ya bati la tundu tandaza makuti, mafungu mawili yaliyopishana, utaona tofauti siku hiyo hiyo. Chupa ya maji iliyoganda kwenye friji, ukiiviringishia kitambaa ukamwekea saa saba mchana, atailalia ubavu mpaka iyeyuke.

Arusi ina sehemu yake, sikatai. Sungura akishtuka hupiga miguu ya nyuma na kuruka ndani na nje ya sanduku, na watoto wakakanyagwa. Mbwa, paka anayezunguka tundu, nguchiro, hata kundi la watoto wa jirani waliokuja kutazama, vyote huleta jambo hilo hilo. Siwezi kukuambia uzuie arusi za watu Majengo. Unaweza kumgeuzia sanduku mlango ukaelekea ukutani na kulifunika gunia juu, likawa giza.

Lile la kujinyonyoa manyoya baada ya watoto kufa, mwambie bibi yako si tendo la mnyama mbaya. Linatokana na mabadiliko ya homoni karibu na kuzaa: progesteroni, homoni ya mimba, inashuka, na prolaktini, homoni ya maziwa, inapanda, ndipo jike anaanza kubeba nyasi na kujinyonyoa. Kwa baadhi ya majike wa uzazi wa kwanza mabadiliko hayo yanakuja nyuma ya watoto. Huyu mwili wake umechelewa, haukukataa. Nina jike wa kijivu hapa aliyefanya hivyo hivyo, akapoteza wote. Uzazi wa pili alilea saba, na leo ndiye ninayempa yatima wa wenzake.

Baharia, Likoni

Mama ameeleza vizuri, Mungu amzidishie. Niongeze kidogo niliyoyaona Uingereza kwa mzee aliyekuwa akifuga fereti, mnyama mrefu mwembamba wa jamaa ya vicheche, wanayemtumia huko kuwatoa hao hao sungura mashimoni. Jike la fereti hubeba mimba siku 42, na nalo huweza kula watoto wake siku za mwanzo. Yule mzee akikaribia siku hizo humtenga, dume halimkaribii, wala fereti mwingine yeyote. Chakula na maji anamwekea karibu kabisa na kiota ili asilazimike kuwaacha watoto, maana anakula nyama tupu na njaa yake ni kubwa. Wageni hakuna, hata wajukuu walikatazwa. Nikamuuliza kwa nini, akaniambia ukimtia hofu anaona pale si mahali pa kulea. Mnyama mwingine, nchi ya baridi, na bado ni hofu, maji na chakula.

Kijana wa Majengo

Shikamoo mama. Ahsante sana, na ahsante kaka baharia. Nimemsomea bibi yote haya, amenyamaza kisha akasema basi mwacheni. Makuti nimeshaagiza. Nina maswali. Sasa hivi ana maziwa, matiti yamevimba, nifanye nini? Na je, inawezekana panya au siafu ndio waliofanya haya? Huku kwetu vyote viko. Na nimpandishe lini tena?

Tabibu wa mifugo, Bamburi

Kuhusu maziwa: punguza peleti, kile chakula cha dukani cha vidonge, kwa siku chache, mpe zaidi nyasi kavu, maji usipunguze hata kidogo. Usimkamue, ukimkamua unayaita mengine. Kila asubuhi mshike matiti moja moja. Yakiwa yamevimba lakini ni laini, yatakauka yenyewe. Likiwepo lililo gumu, la moto, limebadilika likawa jekundu au la buluu, na yeye hali, huo ni ugonjwa wa matiti na anahitaji dawa siku hiyo hiyo. Usimpe antibiotiki ya kuku au ya mbuzi uliyo nayo nyumbani. Ziko dawa, amoksisilini mojawapo, ambazo sungura akimeza huua bakteria wema wa tumboni na yeye hufa kwa kuharisha.

Mama wa Mtopanga

Marahaba mwanangu. Mshukuru bibi kwa niaba yangu.

Panya ukimtilia shaka hesabu watoto. Panya huburura, hivyo unakuta wamepungua na hujui walikokwenda. Siafu unawakuta bado wapo, na kitoto kimejaa vidonda vidogo mwili mzima. Kwa ulivyoeleza sioni panya wala siafu, ila jikinge: miguu ya tundu itie kwenye makopo yenye oili chafu ya gari, na waya wa ubavuni uwe wa matundu madogo. Kama una jike mwingine, asikae naye tundu moja, maana jike huweza kuwaua watoto walio katika kiota cha mwenzake.

Ndani ya sanduku tia maranda na nyasi kavu. Nyuzi za gunia na vitambaa visikae humo kabisa, humfunga kitoto mguu mpaka ukakatika. Sanduku la bati pia sitaki kulisikia, kwa joto hili litawachoma. La mbao, na matundu machache ubavuni. Ukiona watoto wametawanyika wanahema, punguza manyoya, joto limewazidi.

Kumpandisha, ngoja kwanza arudi mwili, mgongo usishikike mifupa. Mpeleke jioni kwenye tundu la dume, usimlete dume kwake, atampiga. Mimba ni siku 31 hivi, na sanduku ulitie siku ya 28, si mapema, atalifanya choo. Mimi ningengoja mwisho wa Machi. Atazaa mwisho wa Aprili, masika yamekwisha anza na joto limepungua. Akiharibu tena mpe wa tatu. Akiharibu na huo, na maji yapo, na kivuli kipo, hapo usimpandishe tena.