Kikombe cha Babu Loliondo: ushuhuda wa watu wengi unatosha?

bongolala: Wadau jana kijiweni tumebishana mpaka chai imepoa. Jamaa anasema kile kikombe cha dawa ya mizizi alichokuwa anagawa Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kijijini Samunge, Loliondo, 2011 kilitibu kweli, maana maelfu walipanga foleni na hata viongozi walienda na watu wakatoa ushuhuda. Nikakosa la kumjibu. Mnamjibuje mtu kama huyo?

fundi_saa: Foleni inaonyesha watu waliamini, basi. Kikombe chenyewe kilikuwa sh 500, mtu mwenye kisukari au UKIMWI atajaribu chochote jamani. Muulize hao walioshuhudia walipimwa kabla na baada ya kunywa au walisema tu najisikia vizuri, maana presha na sukari vinapanda na kushuka, na mtu anasafiri akiwa amezidiwa, kwa hiyo baadae mara nyingi ataona afadhali hata angekunywa maji ya bomba.

mamaD: Na waliokufa hawarudi kutoa ushuhuda. Hao unawahesabia wapi?

kijana_wa_Moshi: Mbona mugariga, ule mti wa dawa ya Babu, ni dawa ya wazee tangu zamani, msidharau mizizi

fundi_saa: Sijadharau mkuu. Mti unaweza kuwa na kitu, ila toka "una kitu" mpaka "unaponya UKIMWI" ni mbali kuliko barabara ya Loliondo yenyewe.

bongolala: Nimemsomea yote. Kasema nyie wasomi mna shida, ila hilo la mamaD limemnyamazisha kidogo 😂