Mjadala: Mkurugenzi wa halmashauri aendelee kuwa mwenyekiti wa Baraza la Wafanyakazi?

Mwanzisha mada (afisa ugani, Moshi)

Ndugu zangu watumishi wa serikali za mitaa, nina hoja iliyonikaa rohoni tangu kikao chetu cha bajeti. Naomba tuijadili bila kutajana majina wala kutaja halmashauri ya mtu.

Mimi ni mjumbe wa Baraza la Wafanyakazi, nawakilisha watu wa kilimo. Kwa asiyelijua, hili silo Baraza la Madiwani. Ni chombo kilichotokana na Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma, Na. 19 ya 2003. Menejimenti, chama cha wafanyakazi na wawakilishi wa idara wanakaa meza moja kumshauri mwajiri. Katibu tunamchagua wajumbe wenyewe, ila mwenyekiti ni mkurugenzi. Swali langu liko kwenye hicho kiti.

Siku ile tuliingia ukumbini saa 3 asubuhi. Makabrasha tulipewa mlangoni, hakuna aliyewahi kuyasoma. Tukapitia makisio ukurasa kwa ukurasa mpaka saa 7. Kero za watumishi zilikuwa chini kabisa ya ajenda, kwenye "mengineyo", na tulipofika huko watu walishaanza kuangalia simu na harufu ya pilau imeingia ndani. Hapo akasimama mama mmoja, mhudumu wa afya kutoka zahanati ya huko juu mlimani. Akatoa bahasha ya kaki iliyolegea kama kitambaa. Ndani mna nakala za barua nne. Alihamishwa, akakodi lori kwa fedha yake, masika imeshika, vyombo vikashushwa njiani kwa sababu gari lilishindwa kupanda. Ameandika madai mara nne na hajawahi kupata jibu hata moja. Mama hakudai alipwe siku ile. Alisema, "Naomba tu nijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni kwamba hakuna fedha." Mwenyekiti akamwambia, "Hilo ni suala lako binafsi mama, njoo ofisini." Mama akaketi. Nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake, nikamwona anazirudisha zile barua kwenye bahasha kwa mpangilio wa tarehe.

Mkurugenzi wetu namheshimu. Anafika kazini mapema kutushinda, na pikipiki zetu za ugani zilipokosa vipuri alihangaika nazo mwenyewe. Kwa hiyo simzungumzii yeye kama mtu. Ninachosema ni kwamba barua zile zimeandikwa kwake, na ni yeye huyo huyo anayeamua kama zijadiliwe. Mjumbe akitaka kumuuliza mwajiri lazima apitie kwa mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye mwajiri! Hata yeye anabanwa. Akiwa kwenye kiti analinda muda na ajenda, hana nafasi ya kujieleza. Mtoeni kwenye kiti, mumpe nafasi ya kujibu.

Napendekeza kiti kiwe cha zamu, kikao hiki menejimenti, kijacho upande wa wafanyakazi. Na kero zipande juu ya ajenda, kabla ya bajeti.

Mei Mosi ya 2024 iliadhimishwa kitaifa pale Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nami nilikwenda. Tangu siku ile najiuliza: inakuwaje mtumishi asubiri kiongozi wa taifa apite mbele yake ili aseme jambo linalongoja saini ya ofisi iliyo korido moja na yake?

Afisa utumishi mstaafu, Arusha

Mwanangu, nimeisoma hoja yako mara mbili. Uchungu wako naupokea, ila dawa yako siikubali.

Mabaraza haya hayakuanza 2003. Mwalimu Nyerere aliyaagiza kwenye mashirika ya umma kwa Agizo la Rais Na. 1 la 1970. Mwaka uliofuata ukaja Mwongozo wa TANU, ukawakataza viongozi majivuno na udhalimu kwa wanaowaongoza. Wafanyakazi wakaushika kwa mikono miwili, na ziko sehemu walifikia kuwafungia mameneja geti. Kero zao nyingi zilikuwa za kweli kabisa. Lakini meneja akishakuwa nje ya geti, nani atakayeweka saini? Azimio linalopitishwa na kikao ambacho mwenye kalamu hakukisimamia linabaki kuwa maoni.

La pili, hilo la "suala binafsi". Nimekaa na mafaili ya watu miaka mingi. Baraza linajadili mambo ya watumishi wote, na la mtu mmoja lina njia yake: msimamizi wake, mkuu wa idara, ofisi ya utumishi, mkurugenzi, halafu Tume ya Utumishi wa Umma. Njia hiyo ipo kumlinda mtu. Leo mama analeta madai ya lori, kesho mwingine ataulizwa habari za ugonjwa wake mbele ya ukumbi mzima. Kosa lililotendeka hapo ni barua nne kukaa masjala bila jibu. Hilo ni kosa la ofisi, na Kanuni za Kudumu za utumishi wa umma haziliruhusu. Ukibadilisha mwenyekiti, barua zitaendelea kulala pale pale.

Mkuu wa kitengo, halmashauri mojawapo Kilimanjaro

Nachangia kama menejimenti, na nakumbusha kwamba menejimenti nao ni watumishi. Nauli yangu ya likizo sijailipwa pia.

Watu wanadhani mkurugenzi amekalia fedha. Mishahara inatoka Hazina. Malimbikizo yanahakikiwa huko juu kabla hayajalipwa. Uhamisho, likizo na kujikimu vinategemea ruzuku ya matumizi mengineyo au mapato ya ndani, maana yake ushuru wa soko, stendi na leseni. Mwezi ambao makusanyo yameshuka, mbele ya mkurugenzi kuna dizeli ya gari la wagonjwa, umeme wa kituo cha afya na lori la mama yetu. Kiti cha zamu hakiongezi shilingi.

Ila niseme ukweli ambao kwenye kikao nisingeusema. Barua kama zile hazijibiwi kwa sababu jibu ni kukiri deni. Ukishaandika "tumepokea madai yako, yatalipwa fedha zikipatikana", linaingia kwenye orodha ya madeni, na mkaguzi akija atauliza kwa nini mlimhamisha mtu bila kumtengea fedha. Kwa hiyo ofisi inanyamaza. Nimekuwa sehemu ya huko kunyamaza, na si sawa. Mtu anakaa anasubiri, mwisho anakwenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, na deni la lori linakuwa deni la nyumba nzima.

Katibu wa tawi la chama, Arusha

Mzee wangu shikamoo. Mwanzisha mada, nakuunga mkono kwa nusu.

Hiyo zamu ikifika upande wetu, atakayekaa kwenye kiti ni mimi. Nitamwambia mkurugenzi "muda wako umeisha, jibu swali" siku ya Ijumaa. Jumatatu nakwenda kwake kuomba ruhusa ya kumpeleka mwanangu hospitali, na mwezi unaofuata napata barua ya uhamisho kwenda kata ambayo gari linapita mara moja kwa siku. Barua itasema "kwa manufaa ya umma". Nani atathibitisha vinginevyo? Wawakilishi hawakosi maneno, wanaogopa, na wana sababu.

Kwa hiyo kabla ya kiti, tuzungumzie ulinzi. Mkataba wa kuunda baraza unasainiwa na pande mbili, mwajiri na chama. Tuweke mle kwamba mwakilishi hahamishwi katika kipindi chake bila chama kuandikiwa sababu na kupewa nafasi ya kuijibu.

Na tusisahau marekebisho ya 2016. Tangu kifungu cha 32A kiingizwe kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma, mtumishi wa umma haendi moja kwa moja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, kama mfanyakazi wa kiwandani. Anatakiwa amalize kwanza njia za ndani ya utumishi. Sawa, tumekubali. Basi hizo njia za ndani ziwe zinapitika! Ukimfungia mtu mlango wa nje, wa ndani usiufunge kwa "njoo ofisini".

Mwalimu, Moshi

Kwa ufupi. Sisi walimu ndio wengi kwenye halmashauri, na tuna waajiri wawili mgongoni, mkurugenzi upande mmoja na Tume ya Utumishi wa Walimu upande mwingine. Kero yetu ikifika barazani tunaambiwa ni ya Tume. Tukienda Tume tunaambiwa fedha ziko kwa mkurugenzi. Yeyote atakayekaa kwenye kiti, atuambie kwanza sisi ni wa nani.

Muuguzi, kituo cha afya, Arusha

Nyote mnazungumzia ukumbi. Mimi niwasimulie chumba cha chai.

Kituoni kwetu zamu ya usiku ilitakiwa kutoka saa 1:30 asubuhi. Tulikuwa tunatoka saa 3, siku nyingine saa 4, kwa sababu zamu ya mchana inatoka mjini kwa Hiace, na Hiace haiondoki mpaka ijae. Huwezi kumwacha mama mwenye uchungu ukasema muda wangu umekwisha. Mwaka mzima tulinuniana. Wa usiku wakawaona wa mchana ni wavivu, wa mchana wakasema wa usiku wanajifanya mabosi. Dada mmoja alilia mbele ya wagonjwa.

Mganga mfawidhi mpya, yaani mkuu wa kituo, akatukusanya chumba cha chai, wote, hadi mlinzi na dada wa usafi. Hakukaa kichwani mwa meza. Alikaa kwenye benchi karibu na jiko, akamkabidhi kalamu muuguzi wa usiku na karatasi kubwa ya manila, akasema andika kila mtu anatoka wapi na anapanda gari saa ngapi. Tulipoyaona maandishi yale ukutani tulinyamaza. Wanne walikuwa wanakaa mitaa inayokaribiana na kila mmoja anahangaika peke yake. Tukakubaliana gari la kituo, likirudi asubuhi kutoka kupeleka sampuli, liwachukue hao wanne kwenye njia panda. Na anayechelewa anampigia simu mwenzake moja kwa moja, hampigii mganga. Ilitugharimu karatasi moja ya manila.

Kuna siku bado tunachelewa. Ila hatununiani tena.

Mwanzisha mada

Nimewasoma wote, na nimelala na maneno yenu usiku mbili.

Mzee wangu, kuhusu faili la mtu umenishinda. Nisingependa habari zangu zisomwe ukumbini. Lakini idadi haina siri. Baraza linaweza kuuliza: madai ya uhamisho yasiyojibiwa yako mangapi, la zamani zaidi ni la mwezi gani, na yatajibiwa ifikapo lini? Hakuna jina hata moja hapo. Naamini siku hiyo ikisomwa, lile la mama halitaitwa tena suala binafsi, maana ataonekana yuko katikati ya foleni.

Mkuu wa kitengo, asante kwa kusema ulichokisema. Umenifungua macho. Nilidhani barua hazisomwi, kumbe zinasomwa na zinaogopwa. Kama ni hivyo, orodha ya madeni iletwe barazani kila kikao na wote tuione inavyokua au inavyopungua. Mtumishi akijua yuko namba ngapi anaweza kuvumilia. Mimi mwenyewe nimenunua petroli ya pikipiki ya kazi kwa mshahara wangu mara nyingi kwenda kwa wakulima wa kahawa na migomba, na sijawahi kuumia kwa ile petroli kama ninavyoumia kwa kutokujua kama kuna mtu ameandika mahali kwamba nilinunua.

Katibu wa tawi, suala la kiti nalipunguza. Mkurugenzi aendeshe kikao kizima, lakini ikifika ajenda ya kero akabidhi kiti kwa mjumbe aliyechaguliwa siku ile ile, kisha yeye ahamie upande wa kujibu. Mtu wa saa moja ni vigumu kumpangia uhamisho wa kisasi, na hicho kifungu chako cha ulinzi kiingie mkatabani kwanza. Hapo sirudi nyuma zaidi. Anayejibu asiwe ndiye anayeamua swali liulizwe au lisiulizwe. Muuguzi ameonyesha kwamba bosi akikaa kwenye benchi hapungukiwi na kitu.

Mwalimu, swali lako sina jibu lake, na sitaki kukudanganya. Liwe hoja ya kwanza ya chama chenu na chetu pamoja.

Mama wa zahanati nimempigia jana jioni. Ameandika barua ya tano. Safari hii alikwenda na nakala, masjala wakaigonga muhuri wa kupokelewa na kuandika tarehe. Nami nimemwandikia katibu wa baraza kuomba hoja ya idadi ya madai iwe mara tu baada ya yatokanayo na kikao kilichopita. Amenijibu kwamba ameipokea. Kama ipo halmashauri Arusha au Kilimanjaro iliyokwisha kujaribu mkurugenzi kukabidhi kiti wakati wa kero, naomba anayeijua aeleze ilikwendaje, hata kama iliharibika.