MJADALA: Tanga ijengewe jengo refu la ofisi, au tubaki na nyumba zetu za matumbawe?

ChumbageniJuu
Assalam aleikum wanaTanga. Naleta hoja, naomba ijibiwe kwa hoja. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni hapa kwetu Chongoleani. Si Dar, si Mombasa. Makampuni yanakuja na yanataka ofisi, lakini mgeni akifika anapelekwa kwenye nyumba ya kupanga, chumba cha kulala kimegeuzwa chumba cha mikutano. Mimi nasema tujenge jengo moja refu, ghorofa thelathini hivi, karibu na bahari, meli ilione kabla haijatia nanga. Tazameni Empire State Building ya New York. Marekani ilikuwa hoi kwa mdororo wa uchumi, watu wanapanga foleni za supu, lakini kazi ikaanza Machi 1930 na Mei mosi 1931 jengo likazinduliwa. Siku 410! Mita 381, ghorofa 102. Wale walijenga na njaa yao. Sisi tunasubiri nini? Tumechoka kukaa kwenye magofu ya matumbawe, ukiegemea ukuta unaondoka na unga mgongoni.

KijanaWaPongwe
Naunga mkono mia kwa mia. Saruji inatoka hapahapa Pongwe, bandari tunayo, reli tunayo. Kinachokosekana ni uthubutu. Hizo nyumba za chokaa zilishafanya kazi yake, zipumzike.

BintiNgamiani
Ya bomba nimeyasoma, ya New York nimeyasoma. Nimekwama kwenye neno moja tu: "magofu". Nyumba unayoiita gofu ndiyo niliyozaliwa. Barazani pale bibi yangu kauza vitumbua mpaka watoto sita wakamaliza shule. Kuta zake nene kama urefu wa mkono, jua la Februari likiwaka nje, ndani unajitanda kanga. Wewe kwenye ofisi yako ya vioo utawasha kiyoyozi kutwa, na bili ya umeme utailipa mwenyewe. Tafuta neno jingine, kaka.

ChumbageniJuu
Dada, bibi yako sikumtaja. Nimesema kuta zinatoa unga. Zinatoa au hazitoi?

BintiNgamiani
Zinatoa. Na paa linavuja upande wa uani. Ndiyo tuvunje?

FundiChokaa
Hapo kwenye unga naomba nafasi, maana ndiyo kazi yangu na ndiyo aliyoniachia baba. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unatokea nje, upepo unaukausha, yamekwisha. Sasa mwenye nyumba anaona plasta imechakaa, anaita kijana wa bei nafuu, naye anakuja na mfuko wa saruji anapiga plasta ngumu juu ya chokaa. Unyevu unakosa pa kutokea. Chumvi inajikusanya nyuma ya saruji na kulisaga jiwe kwa ndani. Pitisha masika mawili matatu, kisha gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: utalia kama debe tupu. Bandua plasta, itakutoka kipande kizima kama sahani, na nyuma yake jiwe limeshakuwa unga. Basi hapo watu wanasema chokaa mbovu. Chokaa ya watu haina kosa lolote.

Dada, nyumba yenu imewahi kupigwa saruji?

BintiNgamiani
Mjomba aliipiga saruji chumba cha mbele na ukuta wa uani. Ndiko unga unakotoka. Kuta za katikati hazijaguswa, na ni nzima mpaka leo. Subhanallah, sikuwahi kuliunganisha hilo.

KijanaWaPongwe
Mzee, kwa heshima zote, baba yangu kafanya kazi ya saruji na sisi saruji ndiyo iliyotulisha. Msiifanye mchawi. Na kama chokaa ni bora hivyo, mbona mliishia ghorofa mbili?

FundiChokaa
"Mliishia." Mimi na nani? Nenda Tongoni, ni karibu tu hapo kusini. Utakuta makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na 15, na zipo nguzo ambazo bado zimesimama. Upepo wa bahari miaka mia tano na zaidi, bila nondo hata moja. Na chumba cha kizamani chembamba unajua kwa nini? Kwa sababu boriti ya mkoko yenye nguvu haifiki mita tatu kutoka ukuta hadi ukuta. Mti ndio uliopanga upana wa chumba. Babu zetu hawakushindwa hesabu, waliifuata. Kijana wangu, usiwaseme waliokujengea mji.

Mhandisi_Sahare
Fundi, shikamoo. Umegusa mahali penyewe hasa. Hata Wamarekani walikwama palepale, ila kwao kilichowakwamisha ni ukuta. Chicago 1891 walimaliza upande wa kaskazini wa jengo la Monadnock, ghorofa 16, mzigo wote wa nje unabebwa na matofali. Chini ikabidi ukuta uwe mnene karibu mita 1.8. Sasa piga picha ghorofa hamsini kwa mtindo huo: huko chini ungebaki na ukuta tupu, duka lisipate pa kukaa. Kilichowaokoa ni fremu ya chuma. Mji huohuo wa Chicago, 1885, William Le Baron Jenney alikuwa ameshajenga Home Insurance Building, ghorofa 10, mzigo mwingi ukabebwa na fremu ya chuma badala ya ukuta. Kuanzia hapo ukuta ukawa nguo, mwili ni chuma.

Na hiyo Empire State inayotajwa hapa, nguo yake ni nini? Jiwe la chokaa, limechimbwa jimbo la Indiana. Ukoo mmoja na mawe ya mapango ya Amboni.

FundiChokaa
Wa alaikum salaam na marahaba. KijanaWaPongwe, umesoma hapo?

KijanaWaPongwe
Nimesoma. Nimesoma pia kwamba ni nguo, mwili ni chuma. Usinilishe maneno.

Mhandisi_Sahare
Niongeze moja. Fremu peke yake isingetosha. Zamani ghorofa ya juu ndiyo iliyokuwa ya kodi ndogo, maana nani apande ngazi saba kila asubuhi? Mwaka 1854 Elisha Otis alisimama New York juu ya jukwaa la kunyanyulia mizigo, akaamuru kamba ikatwe mbele ya watu, breki yake ikashika. Lifti ikaaminika, na kodi ya juu ikapanda. Empire State ilijengwa na lifti zaidi ya 60. Kwa hiyo ukizungumzia jengo refu unazungumzia lifti.

MamaBarabaraYa12
Wanangu, nilikuwa nasoma tu. Mmetaja lifti.

Mwaka juzi nilimpeleka mama yangu Dar kufuatilia mirathi ya marehemu baba. Ofisi yenyewe siitaji. Iko ghorofa ya tano. Tumefika saa mbili asubuhi, mlangoni pa lifti pamebandikwa karatasi: MBOVU, TUMIA NGAZI. Karatasi yenyewe imeshapauka, pembe zimejikunja. Mama ana miaka 78 na goti la kulia halikunji. Nikamwambia tugeuze, akasema nauli ya kurudi tena utaitoa wapi. Tukapanda. Kila ngazi anaweka mguu mzima kwanza, halafu anauvuta ule mbovu, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi, wa pili begani kwangu. Ghorofa ya tatu mlinzi akamgeuzia ndoo akakaa. Kanga imelowa jasho mgongo mzima. Vijana wa ofisini wanatupita na mafaili yao, "samahani bibi, samahani bibi". Tulipofika juu tukaambiwa fomu ile inachukuliwa chini, dirisha la kwanza.

Mimi jengo refu silipingi. Ila mnapohesabu ghorofa, mama yangu nimemhesabia ngazi. Ni 94.

BintiNgamiani
Pole sana mama. Mwili umenisisimka.

ChumbageniJuu
Mama, pole, na mama mkubwa mpe pole zetu. Lakini naomba tuwe wakweli: hilo ni kosa la usimamizi, si la jengo. Lifti mbovu haifanyi majengo marefu yawe mabaya.

MamaBarabaraYa12
Mwanangu, usimamizi na jengo nitavitenganisha vipi, nami nipo kwenye ngazi?

Mhandisi_Sahare
Mama, lifti ikitunzwa ni salama kuliko ngazi. Julai 28, 1945, kulikuwa na ukungu, ndege ya jeshi aina ya B-25 iliigonga Empire State kwenye ghorofa ya 79. Watu 14 walikufa. Mwendesha lifti mmoja, Betty Lou Oliver, aliumia, wakamweka kwenye lifti nyingine ashushwe, kamba zikakatika, akaanguka ghorofa 75 mpaka chini kabisa. Akapona. Na jengo halikuanguka.

MamaBarabaraYa12
Alhamdulillah kwa kupona kwake. Ila nimekusimulia goti, umenijibu ndege.

MkaziWaBagamoyo
Naomba nichangie ingawa si wa huko. Mwanzisha mada ametupa nusu ya habari ya Empire State. Uwanja ule haukuwa mtupu. Palikuwa na hoteli ya Waldorf-Astoria, upande mmoja ulifunguliwa 1893, wa pili 1897, fahari ya mji mzima. Wakaibomoa 1929, kifusi kikapakiwa kwenye matishari na kumwagwa baharini. Haijafikisha hata miaka arobaini! Na jengo lilipokamilika halikupata watu, robo tu ya ofisi ndizo zilizokuwa na wapangaji. Watu wa New York wakageuza jina, wakaliita "Empty State", yaani jengo tupu. Faida haikuonekana mpaka karibu 1950. Ule mlingoti wa juu walisema meli za angani, yale mabaluni makubwa ya kubeba watu, zitafungwa pale zishushe abiria. Upepo ulikuwa mkali mno, hilo halikufanikiwa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mimi natoka mji uliowahi kuwa mkuu. Wajerumani walihamishia makao yao Dar 1891. Boma letu la 1897 lilijengwa makao yameshaondoka, na mvua za El Niño za 1998 zikaangusha sehemu yake. Jengo kubwa halikuturudishia kitu. Msije mkajenga kwanza, halafu mkakaa kuwasubiri watu.

ChumbageniJuu
Ndugu wa Bagamoyo, hatufanani. Sisi bomba linafika, si ahadi. Na msinitie maneno ya kubomoa, kubomoa sijakutaja popote.

BintiNgamiani
Umesema karibu na bahari. Karibu na bahari pana uwanja gani mtupu?

KijanaWaPongwe
Tusitishane. Kila mji una ghorofa sasa hivi. Sisi tu ndio tunaambiwa tukae kama makumbusho.

BintiNgamiani
Na kile kivuli cha ghorofa thelathini kitamwangukia nani? Uani kwetu tunaanika nguo, tunaanika dagaa.

Mhandisi_Sahare
Hilo la kivuli lina historia. Mwaka 1915 New York walijenga Equitable Building, ghorofa 38 zilizopanda wima kutoka ukingo wa barabara, mitaa ya jirani ikakosa jua. Mwaka uliofuata, 1916, ikaja sheria: kadiri jengo linavyopanda lazima lirudi nyuma. Ndiyo maana Empire State ina mabega mabega, pana chini, nyembamba juu. Si pambo lile, ni sheria ya jua.

BintiNgamiani
Sisi sheria ya jua tunayo?

Mhandisi_Sahare
Mipango miji ipo. Kusimamiwa ndiyo shughuli.

MkaziWaBagamoyo
Kusimamiwa! Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa katikati ya Dar lilianguka, watu 36 wakafa. Asubuhi, watoto wanacheza jirani. Empire State kwa ukubwa wake wote, orodha rasmi ya waliokufa kwenye ujenzi ni wafanyakazi watano, na hao watano ni wengi. Kabla ya kuulizana urefu, tuulizane nani atakagua zege.

KijanaWaPongwe
Sasa unatusi wajenzi wote wa nchi hii.

MkaziWaBagamoyo
Nimesema mkaguzi, wewe umesoma mjenzi.

KijanaWaPongwe
Mjenzi ndiye baba yangu. Nimekusoma vizuri.

FundiChokaa
Vijana, taratibu. KijanaWaPongwe, baba yako namheshimu bila kumjua. Saruji kwenye msingi wa jengo refu ni mahali pake, hapo sina neno. Ninachokataa ni kuipaka kwenye ukuta wa bibi wa watu.

BintiNgamiani, hiyo plasta ya mjomba msiibandue yote siku moja. Anzeni na paa, kwa sababu maji ya juu ndiyo yanayoua boriti, na boriti ikioza ukutani inaondoka na ukuta. Ile ncha inayoingia ndani ya ukuta, ichome kwa msumari. Msumari ukizama kama kwenye mkate, niite kabla ya masika. Chokaa itabidi iloweke wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa, msikubali ya kuchanganya asubuhi na kupaka mchana.

BintiNgamiani
Nimepanda kwenye meza sasa hivi. Za mbele tatu ngumu. Ya uani umezama wote.

FundiChokaa
Nitumie ujumbe pembeni. Wekeni gogo la kuikinga leoleo, na chini yake asilale mtu.

ChumbageniJuu
Ndugu zangu, hoja yangu ilikuwa jengo la ofisi.

MamaBarabaraYa12
Nami nilikuwa narudi hapohapo, mwanangu. Hilo la ghorofa thelathini likijengwa, ofisi ya mirathi mtaiweka ghorofa ya ngapi?

ChumbageniJuu
Chini, mama. Usawa wa barabara. Ila sikufichi, chini ndiko kodi ghali kuliko kote, benki na maduka ndiyo wanaogombania. Isipoandikwa kwenye kibali cha ujenzi, itapandishwa juu.

MamaBarabaraYa12
Basi iandikwe.