Vifaranga wa bata mzinga wanaisha, naomba jina la dawa

Mzinga wa Uyole
Kamwene wakuu. Nipo Uyole hapa Mbeya, baridi la mwezi wa saba mnalijua wenyewe. Kuku wangu wa kienyeji ameatamia mayai ya bata mzinga siku 21, wametoka vifaranga tisa. Leo ni siku ya tano na nimeshazika watatu. Jioni nawaacha wazima, wanalialia, asubuhi nakuta mmoja kalala ubavu, shingo kaikunja nyuma. Chakula kipo, maji yapo, joto lipo. Nina oda za Krismasi na mtu mmoja ameshatanguliza hela. Naomba jina la dawa tu, kesho asubuhi niwahi duka la mifugo. Maswali mengi hapana tafadhali.

Chizi Fresh
Hiyo hela ya kutanguliza bado ipo au ndiyo unayonunulia bando?

Bwana Shamba Mstaafu
Pole ndugu. Maswali hayakwepeki. Unawalisha nini? Chini umetandika nini? Na hilo joto linatoka wapi? "Joto lipo" si jibu.

Mama Wawili Mafinga
Mimi na bata mzinga tulishaachana. Pale kwetu jirani alikuwa na dume moja, likiona kitu chekundu linavimba kama gunia la mahindi, linaanza kuburuza mabawa. Siku moja mtendaji kaja kudai mchango wa madawati, kavaa sweta jekundu. Tulimkuta juu ya mparachichi, daftari liko chini na dume limesimama juu ya daftari. Mchango wa mwaka ule hatukudaiwa tena.

Tukuyu Asilia
Achana na dawa za dukani. Ponda kitunguu swaumu na pilipili kichaa, changanya kwenye maji. Bibi yangu alifuga hivyo miaka yote.

Mzinga wa Uyole
@Tukuyu Asilia bibi alikuwa anafuga mzinga?

Tukuyu Asilia
Bata wa kawaida. Bata ni bata.

Bwana Shamba Mstaafu
Bata si bata. Huyu mzinga hana hata undugu wa karibu na bata, jina tu. Na pilipili kwa kifaranga wa siku tano ni kumuongezea msiba. Mleta uzi, nasubiri majibu.

Mzinga wa Uyole
Nawalisha pumba laini na chakula cha vifaranga wa kuku. Chini nimetandika magazeti, ni rahisi kubadilisha. Joto ni jiko la mkaa, umeme huku unakatika na taa ya kutoa joto sina.

Bwana Shamba Mstaafu
Boksi liko wapi?

Mzinga wa Uyole
Ndani.

Bwana Shamba Mstaafu
Ndani wapi?

Mzinga wa Uyole
Chumbani. Dawa jamani.

Mama Wawili Mafinga
Chumba cha nani?

Jumuiya Kwanza
Wakati tunasubiri, niseme neno. Kijana umekula hela ya mtu kwa ndege ambaye hata manyoya hajaota. Mbeleko hainunuliwi mimba ikiwa changa. Vijana mnapenda hela ya haraka, ufugaji unataka subira na sala.

Chizi Fresh
Sala ya mzinga inaanzaje mzee?

Mzinga wa Uyole
Nimerudi. Chumba cha watoto. Wako wawili, wa miaka sita na minne. Mama yao yuko msibani Kyela tangu wiki iliyopita, na sebule yangu ina upepo, mlango haujakaa vizuri. Kabla hamjaanza: jiko nalifunika majivu, halitoi moshi kabisa. Dirisha nimeliziba na blanketi ili joto lisitoke, lakini chini ya mlango kuna upenyo wa vidole viwili. Na sisi huku tumekulia kwenye nyumba zenye moto ndani, sijaona mtu aliyekufa.

Mzee wa Makaa
Huwa nasoma tu sichangii, leo naandika. Nimefanya kazi kwenye makaa ya mawe miaka mingi. Moshi unaouona siyo unaoua. Mkaa unaowaka taratibu chini ya majivu, kwenye chumba kilichozibwa, unatoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Mtu anazidiwa na usingizi, basi. Zile nyumba za zamani za nyasi unazozisema zilipumua kote kote, paa lilikuwa linatoa moshi. Wewe una bati, dari na blanketi dirishani. Uingereza wachimbaji walikuwa wanashuka mgodini na ndege aina ya kanari kwenye tundu hadi mwaka 1986, kwa sababu ndege anaangushwa na hiyo hewa kabla ya binadamu. Akianguka, wote wanapanda juu. Wewe wameshaanguka watatu na unatafuta duka la mifugo.

Mama Wawili Mafinga
Baba wewe! Watoto wanaamkaje asubuhi?

Mzinga wa Uyole
Wanaamka vizuri. Juzi mkubwa alisema kichwa kinamuuma na akatapika kidogo, nikajua ni mafua, shuleni kwao kila mtoto ana mafua. Mchana akawa anacheza kama kawaida.

Mama Wawili Mafinga
Mafua yanayopona ukitoka chumbani! Zima hilo jiko, toa watoto SASA. Siyo ukimaliza kusoma.

Mpelelezi wa Soweto
Wakuu mnamaliza bando bure. Hii ni chai, tena imekorea majani. Rudini ujumbe wa kwanza: kuku kaatamia mayai ya mzinga siku 21. Yai la mzinga linatotolewa siku 28. Siku 21 ni kuku. Na huyu ndiye aliyeleta uzi wa nguruwe aliyemeza simu ikawa inaita tumboni. Mkaa, watoto, mama yuko msibani, kila kitu kimewekwa mahali pake. Mtunzi huyu.

Chizi Fresh
Ule wa nguruwe niliucheka siku mbili. Nami nahisi chai.

Jumuiya Kwanza
Uongo ni dhambi, hasa wa kutumia watoto.

Bwana Shamba Mstaafu
Hesabu ya siku hata mimi niliiona tangu mwanzo. Lakini mtu anaweza kukosea siku na bado jiko likawa chumbani. Mleta uzi, kuku mwenyewe yuko wapi? Kama aliatamia, kwa nini halali na wanawe?

Mzinga wa Uyole
Nimeudhika lakini najibu. Mayai ya mzinga niliyaweka kwanza, 12. Baada ya wiki nikaongeza sita ya kuku wake ili watoke siku moja. Siku 21 nilihesabu kuanzia hapo. Kuku nilimtoa walipototolewa tu, arudi kutaga mapema. Vifaranga wa kuku wako watano, wapo boksi hilo hilo, wazima wote. Sikusema kwa sababu najua mngeanza habari ya kuchanganya. Picha hiyo hapo.

Mpelelezi wa Soweto
Picha yenyewe giza. Naona boksi la sabuni, jiko, ncha ya blanketi. Na pembeni ya jiko viatu vya shule vyeusi, vidogo, kimoja kimelala ubavu na soksi iko ndani.

Nafuta neno langu. Zima jiko kaka.

Mpelelezi wa Soweto
Ila ya nguruwe ilikuwa chai.

Mzinga wa Uyole
Ya nguruwe ilikuwa chai. Jiko liko nje, nimelimwagia maji. Blanketi nimetoa dirishani, watoto nimewahamishia kwangu. Mkubwa ameamka kaniuliza kuna nini, nikamwambia panya.

Mzee wa Makaa
Asubuhi wapeleke kituo cha afya, wote wawili, hata kama wanacheza. Ukifika taja neno mkaa, usiseme mafua.

Ufugaji Iringa
Nimechelewa. Kuchanganya na kuku ndiko kunakowaua, ni ugonjwa wa kichwa cheusi, kinyesi kinakuwa cha njano. Tenganisha.

Bwana Shamba Mstaafu
Ugonjwa huo upo na unamaliza mizinga kweli. Unakaa kwenye mayai ya minyoo ya kuku, kuku anautembeza bila kuumwa. Lakini haumuui kifaranga wa siku tano, unahitaji zaidi ya wiki kujitokeza. Wakianza kutoka nje ndipo usiwapeleke uwanja uliotembea kuku. Kwa sasa hao wa kuku ni faida, ndio walimu. Kifaranga wa mzinga anaweza kufa njaa amesimama juu ya chakula. Anatoka na kiini tumboni kinachomtosha siku mbili tatu, kikiisha na hajajifunza kudonoa, siku ya nne, ya tano anaanguka. Hesabu na siku zako. Kwa hiyo ndugu yangu, sijui ni hewa, ni njaa, au vyote.

Usiku huu joto litoke kwenye maji. Chemsha, jaza dumu la lita tano, lizungushie kanga, liweke katikati ya boksi. Likipoa badilisha, utaamka mara mbili tatu, ndiyo ufugaji. Wiki ya kwanza wanataka kama nyuzi 35, kisha unashusha nyuzi tatu hivi kila wiki. Kipimajoto huna, basi watazame wao: wakirundikana, baridi, wakikimbilia pembeni na kuachama, joto limezidi. Magazeti toa, yanateleza, miguu inatanuka na haifungi tena. Weka maranda, na juu yake kitambaa kwa siku hizi chache wasije wakala maranda. Chakula chako hakitoshi, mzinga anataka protini kama asilimia 28, cha kuku kiko chini sana na pumba ndiyo usiseme. Ongeza yai la kuchemsha lililosagwa na dagaa waliosagwa. Maji weka kwenye kisosi, ndani tia gololi. Kinachong'aa ndicho wanachodonoa, na hawatazama.

Tukuyu Asilia
Na kitunguu swaumu kidogo.

Mzinga wa Uyole
Saa kumi na moja alfajiri. Nimebadilisha dumu mara tatu. Amekufa mmoja saa nane, wamebaki watano. Huyu mdogo kabisa nilimshika nikamgusisha mdomo kwenye gololi ya bluu. Kaitazama sana, kichwa upande huu, kichwa upande ule. Kadonoa, kaitikisa shingo, tone likamning'inia kwenye mdomo, kisha akainua kichwa akameza. Karudia peke yake mara nne. Saa mbili nakwenda kituo cha afya na watoto. Mama yao nimempigia, amekata simu.

Mama Wawili Mafinga
Amekata kwa sababu ni alfajiri au kwa sababu umemwambia?

Mzinga wa Uyole
Nimemwambia.

Ila swali langu la kwanza bado. Dawa gani?

Bwana Shamba Mstaafu
Hakuna dawa. Badilisha dumu.

Mzinga wa Uyole
Sawa mzee. Huyu wa miaka minne ameamka, analia anataka gololi zake.