Naomba ushauri: kubadili gia kwenye treni ya zamani ya dizeli, Class 117

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naishi Uingereza, najitolea kwenye reli ya kumbukumbu (inayohifadhi na kuendesha treni za zamani), na sasa nimeanza kufundishwa kuendesha Class 117. Hizi ni treni za abiria za mabehewa matatu. Zilitengenezwa na kampuni ya Pressed Steel kuanzia 1959, zikabeba wafanyakazi wa vitongoji vya magharibi ya London kwenda na kurudi kituo cha Paddington. Nazipenda mno, hasa ile milango kila baada ya viti vichache.

Tatizo langu ni gia. Ziko nne, na hakuna klachi ya kukanyaga. Unarudisha mafuta hadi sailensa (injini inazunguka taratibu bila kuvuta), unasogeza mkono wa gia, unasubiri injini ishuke mizunguko, ndipo unaongeza mafuta tena. Mimi kila mara naongeza mapema, treni inashtuka na mwalimu wangu anatikisa kichwa. Kinachonichanganya zaidi: injini ziko nne, mbili chini ya kila behewa la mwisho, kwa hiyo zile za nyuma sizisikii kabisa.

Najua humu kuna wazee walioendesha mabasi ya Leyland, na injini za treni hii ni Leyland pia. Je, mlikuwa mnahesabu moyoni, mnasikiliza mlio, au mnaangalia mshale wa mizunguko tu? Na nikikosea, nirudishe mafuta upya au niendelee? Jumamosi napanda tena, naombeni msaada kabla ya hapo.