Binti kapata chuo cha dansi Marekani: nisaini mkopo wa mzazi au nikatae?

Baba Zuhura:
Wakuu, habari za majukumu. Tuko Marekani, mimi dereva wa lori, mama yake anahudumia wazee. Binti yetu wa kwanza amechaguliwa chuo binafsi kusomea BFA ya dansi (shahada inayojikita zaidi studio) kuanzia Agosti 2026. Kipaji anacho, hilo silibishi, hata mimi nisiyejua mdundo uko wapi naona. Kinachoninyima usingizi ni barua ya msaada wa fedha. Ukitoa skolashipu, Pell (ruzuku ya serikali isiyorudishwa) na mkopo wake mwenyewe, linabaki pengo la dola 16,000 kila mwaka. Pale chini wameandika Parent PLUS, yaani mkopo wa serikali kwa mzazi, kana kwamba nao ni msaada!

Chuo cha jimbo kina BA ya dansi (shahada ya kawaida, yenye masomo mengine mengi), na pengo lake tunalimudu kwa mishahara. Yeye anasema BA si kitu mbele ya BFA. Nimeangalia mapato ya wahitimu kwenye College Scorecard, tovuti ya serikali ya takwimu za vyuo, nikafunga kompyuta. Tafadhali msinijibu "aifuate ndoto yake" wala "asome unesi". Hayo mashemeji wamekwisha kuyasema.

Mzee wa Hesabu:
Basi unesi sisemi, ingawa umenikata kauli. Nafanya kazi ofisi ya mikopo ya wanafunzi, nikupe namba. Kwa mikopo mipya kuanzia Julai 1, 2026, PLUS ina dari ya dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto. Wewe utafika 64,000, ada isipopanda. Kwa riba ya asilimia 8.94 (ya mwaka wa masomo 2025–26) na mpango mpya wa miaka 20, ni kama dola 570 kila mwezi. Mwisho wake umelipa zaidi ya 137,000. Bado makato ya zaidi ya asilimia 4 yanayochukuliwa kabla hela haijafika chuoni.

Mkopo wa mtoto ni mnyama mwingine: 5,500, 6,500, 7,500 na 7,500 kwa miaka minne, jumla 27,000, na anaweza kuulipa kulingana na kipato chake. PLUS mpya haina nafuu hiyo.

Mwalimu wa Studio:
Shikamoo Baba Zuhura. Mimi nina BFA ya dansi na nafundisha dansi sekondari ya serikali hapa hapa Marekani.

Ile namba ya Scorecard isikutishe wala isikufariji. Ni mapato ya kati ya wahitimu waliopata msaada wa serikali ya shirikisho, wawe wanacheza au hawachezi. Wenzangu wa darasani wamo wote humo: aliye kwenye kampuni ya dansi, anayefundisha Pilates, aliyeishia ofisi ya bima (na ndiye mwenye nyumba). Hata Idara ya Takwimu za Kazi hutoa malipo ya dansa kwa saa tu, haitoi ya mwaka, kwa kuwa kazi yenyewe haijazi mwaka. Kuna wiki za mazoezi, wiki za maonyesho, halafu kimya. Kampuni zenye mkataba wa chama cha wasanii cha AGMA zina afadhali. Wengi wetu tulikuwa tunalipwa kwa fomu 1099, ya wanaojiajiri, kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 unaitoa mwenyewe.

Sasa hiyo BFA. Kwenye usaili hakuna anayeuliza cheti. Unabandikwa namba kifuani, unacheza, unaambiwa asante. Wacheza baleti wengi huingia kampuni wakiwa na miaka 18 bila chuo. Ndiyo maana Saint Mary's College ya California ilianzisha LEAP mwaka 1999, programu ya shahada kwa wachezaji waliokwisha kuingia kazini. Shahada inadaiwa kwingine: leseni ya ualimu, kuendelea na shahada ya pili, kazi za ofisini. Huko BA inatosha kabisa, tena inaacha nafasi ya kusoma kitu cha pili, wakati BFA inakula theluthi mbili hivi ya ratiba kwa dansi peke yake.

BFA inashinda kwa saa za studio na watunzi wa dansi wanaoalikwa. Hilo si dogo, kazi yangu ya kwanza nilipewa na mgeni aliyekuja kututungia onyesho. Lakini linaulizika. Nani alikuja mwaka jana? Wahitimu wa karibuni wanacheza wapi? Wakikujibu kwa picha za kwenye kijitabu, umeshajua.

Na deni liko jina la nani? Langu liko jina langu, na kwa kuwa nimeajiriwa na shule ya serikali, nikifikisha malipo 120 ya kila mwezi linalobaki linasamehewa chini ya PSLF, mpango wa msamaha kwa wanaofanya kazi za umma. Wewe unaendesha lori la kampuni binafsi, mlango huo kwako umefungwa. Mkopo wake achukue. Wako usisaini.

Baba Zuhura:
Marahaba mwalimu. Nimempa asome uzi wote, na hakununa nilivyodhani. Anauliza: BA ikiwa na studio chache, mwili hautalegea?

Mwalimu wa Studio:
Swali la mchezaji hilo! Aulize madarasa ya ufundi wa dansi ni mara ngapi kwa wiki, na kama wa mwaka wa kwanza wanaruhusiwa ngazi za juu. Yakiwa kila siku, hana la kuhofu. Yakiwa mara mbili, ongezeni madarasa ya nje na kozi ya kiangazi kwenye bajeti, 16,000 hamtaikaribia.

Kabla hamjajibu, aandikie chuo cha BFA rufaa ya msaada na kuambatanisha ofa ya chuo cha jimbo. Vyuo binafsi vingine huongeza skolashipu ya kipaji vikihofia kumpoteza mtu. Afanye hivyo kabla ya Mei 1. Pengo likishuka hadi mnaloweza kulipa bila PLUS, mpeleke.