Aliyesema "mbwa hasomi bendera" aje hapa ajibu. Mnamjua

Fundi Kitanzi (mleta uzi)

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Mmeiona video ya asubuhi? Yule yule. Simtaji, kila mwenye mbwa kuanzia Goba mpaka Kigamboni anamjua, sauti yake peke yake inavunja vioo. Anauza fensi ya mbwa ya kufukia ardhini. Anafungua boksi mbele ya kamera, anatoa waya, anatoa transmita (kile kisanduku kinachorusha mawimbi kwenye waya), anatoa kola ya shingoni inayolia na kupiga shoti mbwa akikaribia waya, halafu anashika furushi la bendera ndogo 50 na kulitupa kwenye pipa la taka. Anacheka. "Hizi mapambo. Mbwa hasomi bendera."

Mbwa hasomi bendera!

Mtu anayelipwa kwa kazi hii! Sasa mbwa atajuaje mpaka uko wapi? Waya uko sentimita 5 chini ya udongo, hauonekani, haunuki. Anasikia mlio, mara shoti ya shingo, na wakati huo macho yake yako kwa mtoto wa jirani anayepita na ndoo. Kwa akili yake aliyemchapa ni yule mtoto. Kesho anamrukia. Au anauogopa mlango aliotokea, anajikunyata barazani, hata kukojoa hashuki. Bendera ndiyo inayomwonyesha kwamba balaa liko pale kwenye kile kitambaa cheupe, ageuke. Unazichomeka kila mita 2 au 3 kufuata waya. Kiwanja cha 20 kwa 30 kina mzunguko wa mita 100, bendera 40 zinatosha na 10 zinabaki akiba. Waliozipakia kiwandani hawakuziweka kwa ajili ya harusi!

Na hajaishia hapo. Mteja kamuuliza pale chini kwa adabu zote, "Kaka, mbona wangu anavuka?" Kajibiwa: "Wako koko, damu ya jalalani haifundishiki." Watu wametoa hela, wanatukanwa wao na mbwa wao! Koko wa mji huu anavuka Barabara ya Bagamoyo saa ya foleni akiwa na mfupa mdomoni, anashindwa nini kufundishika? Asiyefundishika ni aliyetupa bendera kwenye pipa. Kwenye pipa, wakuu! Mbele ya kamera!

Naomba kuwasilisha.

Pweza wa Feri

Nimekaa pale. Lakini mkuu, hasira zote hizi kwa vibendera? Nilivyosoma kichwa cha uzi nikajua katupa mbwa.

Fundi Kitanzi

Ni kama kamtupa. Mbwa asiyeonyeshwa mpaka ataugundua kwa kupigwa shoti mara mia. Rudia video, dakika ya pili, sikiliza anavyocheka.

Kiraka wa Rongai

Wa kwenu ni afadhali. Huku Nairobi kuna pacha wake anauza seti za Marekani na adapta ya volti 120, anakuambia chomeka tu kwa ukuta. Stima yetu ni 240! Adapta inatoa moshi, ukimpigia anasema hiyo ni shida ya nyumba yako. Watu wasome kibandiko cha adapta kabla ya kulipa. Ikiandikwa 100-240V uko sawa. Ikiandikwa 120V peke yake, tafuta nyingine inayotoa volti zile zile, aina ile ile ya mkondo (AC au DC), na miliampea zisizopungua za mwanzo. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi, si mambo ya bendera.

Mama Simba

Samahanini, mimi sijaelewa. Huo waya ardhini una umeme? Mtoto akikanyaga je?

Mswahili wa Texas

Hapana dada. Waya haupigi mtu wala mbwa, unabeba mawimbi dhaifu ya redio tu, hata ukiushika kwa mkono. Shoti inatoka kwenye kola, ina betri na pini mbili zinazogusa ngozi. Kola ikiingia kwenye eneo la waya inalia kwanza, mbwa asipogeuka ndipo inapiga. Usiuchanganye na ule wa fensi ya umeme ya juu ya ukuta, huo unatoa maelfu ya volti kila baada ya sekunde moja hivi, na huo ndio wa kumkataza mtoto.

Huku Marekani mfumo huu upo tangu miaka ya 1970, kwa sababu mitaa mingi chama cha wenye nyumba hakikubali uzio mbele ya nyumba. Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi kwa asilimia zote. Siku tatu nne za mwanzo ni mlio peke yake. Funika pini kwa tepu ya umeme. Kamba ifunge kwenye ukosi mwingine wa kitambaa, usiifunge kwenye kola yenyewe, maana ukivuta pini zinamchimba shingo. Mtembeze kuelekea bendera, mlio ukianza mvute kwa upole, rudini ndani, mpe kipande cha nyama. Dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku. Akishaanza kugeuka mwenyewe unatoa tepu na kuanza na kiwango cha chini kabisa: asimamishe masikio, asipige ukelele. Wiki ya pili mwekee vishawishi nje ya mpaka, mpira, paka, mgeni, kamba ikiwa bado mkononi. Baadaye unamwachia huku unamwangalia. Bendera zinatoka mwisho kabisa, unang'oa moja unaacha moja, kila baada ya siku mbili. Anayezitupa siku ya kwanza hajui anachouza.

Fundi Kitanzi

UMEONA? Mwisho kabisa! Yeye kazitupa kabla hata waya haujagusa ardhi!

Mganga wa Ng'ombe, Moro

Mleta uzi, unalilia kitambaa wakati mbwa anaoza shingo. Mimi ugomvi wangu na jamaa huyo ni ile kauli yake ya "mvalishe, usahau". Usahau nini? Kidole kimoja kipite kati ya pini na ngozi. Kola ikilegea, mbwa anasikia mlio lakini shoti haimfikii, ndivyo anavyojifunza kuvuka. Ikibana sana, pini zinaziba damu na ngozi inakufa. Watu wanasema kaungua na umeme, kumbe ni mgandamizo. Masaa 8, yakizidi sana 12, kisha vua, na katikati uwe unaisogeza. Mwenye manyoya mengi atumie pini ndefu. Osha shingo na pini kila wiki. Mtoto wa mbwa chini ya miezi sita asivalishwe.

Wales wamezipiga marufuku kola za shoti tangu 2010, pamoja na hizi za mpakani. Wana sababu.

Fundi Kitanzi

Wales wamekataza shoti, daktari, hawakutupa bendera na kucheka!

Kishada

Bendera, bendera, bendera. Modereta, hamishia huu uzi jukwaa la siasa.

Sisi Kwa Sisi

Mnagombania bendera na hakuna aliyegusa waya. Video hiyo hiyo, nusu saa nzima, hakuna sehemu anayosokota! Kutoka transmita mpaka mwanzo wa kitanzi, yaani waya unaozunguka kiwanja, waya mbili zinasokotwa pamoja, mizunguko 10 hadi 12 kila sentimita 30, ili mawimbi yafutane. Usiposokota, mbwa anapigwa shoti sebuleni. Na kinyume chake, kwenye kitanzi chenyewe ukirudisha waya karibu na mwenzake chini ya mita 1.5 zinafutana, mbwa anapita kama mgeni rasmi. Kona zipinde kwa duara, usikunje kama boksi, la sivyo panabaki pengo kwenye kona. Maungio yawekwe kwenye vifuniko vyenye jeli ya kuzuia maji. Tepu peke yake haivuki masika. Getini pita kwenye mwanya wa pavingi, kama ni zege kata mfereji wa sentimita 2 hivi kwa diski ya zege, laza waya, ziba.

Tena waya wa kwenye boksi ni geji 20, mwembamba, jembe moja la mtunza bustani limeumaliza. Chukua geji 16 au 14, nene zaidi, yenye ganda la kufukiwa.

Baba Junia

Mkuu hapo juu umenena. Niongeze: viwanja vyetu vidogo ndivyo vinavyoua huu mfumo. Nyumba iko mita 3 kutoka ukutani, jamaa anafungulia upana wa mawimbi wa mita 2 na nusu kila upande wa waya, mbwa abaki wapi? Na mawimbi yanapenya tofali, chumba cha pembeni kinakuwa ndani ya eneo. Upana uwekwe mdogo, na uupime kwa kushika kola mkononi na taa yake ya majaribio, si kwa kumtembeza mbwa.

Umeme ukikatika je? Transmita imezima, mlango uko wazi. UPS ndogo ya ruta, ile betri ya akiba, inatosha kama volti zinalingana. Hili muuzaji hasemi ng'o.

Pweza wa Feri

Na mwizi havai kola. Wala mbwa wa nje havai. Wanaingia, wanamng'ata wako, wanaondoka. Bora kuchanja kichaa cha mbwa kila mwaka kuliko kununua waya.

Mganga wa Ng'ombe, Moro

Chanja hata kama una waya. Ongeza na hili: mbwa akimfukuza paka kwa kasi anavuka kwa sekunde moja, akitaka kurudi anakuta shoti inamsubiri, anabaki barabarani.

Kiraka wa Rongai

Sasa wale mafundi wa fensi za ukuta, hao ndio wabaya zaidi. Kuna mmoja Kiambu, wote mnamjua, anafunga waya wa mbwa sambamba na fensi ya ukuta, tena anatumia ethi ile ile, vyuma vya kupeleka umeme ardhini. Kola inalia yenyewe kila fensi ikipiga! Wengine wanaunganisha moja kwa moja na enajaiza, mashine ya kutia umeme fensi ya ukuta, transmita inakufa hapo hapo. Tenga mita mbili tatu, ethi mbali, na ukilazimika kukatisha, katisha kwa pembe mraba.

Mama Simba

Ya ukuta mnaijua? Maana king'ora cha jirani yangu kinalia kila mvua ikinyesha, saa tisa za usiku, na yeye anasema fensi ni ya kisasa.

Sisi Kwa Sisi

Ya kisasa wapi! Mvua ikinyesha na king'ora kikilia, volti zinavuja. Angalia majani yanayogusa waya, halafu vishikizo vya plastiki vilivyopasuka, maji yanapita kwenye ufa mpaka kwenye chuma.

Fundi Kitanzi

Wakuu, turudi kwenye bendera.

Mama Simba

Kuna bogonvilia imelala juu ya waya wote wa upande wangu. Akate yeye au mimi?

Baba Junia

Akate yeye, na azime enajaiza kwanza. Halafu usiku mtembee na ukuta taa zikiwa zimezimwa, vishikizo vibovu utaviona vinatoa cheche na kupiga kelele za tik tik.

Kishada

Fensi yangu ina vyuma vya ethi viwili na king'ora kinalia hata jua likiwaka.

Sisi Kwa Sisi

Viwili havitoshi, weka vitatu, viachane mita 3. Kiangazi udongo ukikauka mwagia maji pale chini.